Shujaa Wanatamba, Simba Wanakwama: Tazama Ratiba Kwanza

Mtu anayeifuata raga kwa kusikia habari za redioni tu ana haki ya kuchanganyikiwa. Septemba 2023 aliambiwa Kenya imeifunga Afrika Kusini 17-12 mjini Harare na kukata tiketi ya Olimpiki. Miaka mitano nyuma aliambiwa Kenya hiyohiyo imetandikwa 65-19 na Kanada, nchi ambayo huku kwetu hatuitaji kamwe tunapowataja vigogo wa mchezo huo. Baraza za Kibokoni na Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, zimejaa mabingwa wa kuchambua Ligi Kuu ya Uingereza, lakini raga ikitajwa, mjadala huishia kwenye swali moja: hawa vijana wanajua kucheza au hawajui?

Wanajua. Ila zilizocheza ni timu mbili tofauti, katika michezo miwili inayoshabihiana kwa mpira na milingoti, na karibu basi. Kila timu ina ratiba yake ya mwaka, na ratiba hizo hazifanani hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba tofauti ya Kenya inayotamba na Kenya inayokwama imo humo: ni mechi ngapi timu inacheza, dhidi ya nani, na miezi ipi. Vipaji vipo pande zote mbili. Pesa nazo zina neno lake, lakini ukichunguza utaona kwamba kinachonunuliwa na pesa hizo ni ratiba.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Simba ni timu ya wanaume ya wachezaji 15 kila upande. Shujaa ni ya wanaume wa wachezaji saba, na nyuma yao kuna kikosi cha pili kinachoitwa Morans, ambacho hupewa mashindano madogo ili wachezaji wake wakomae. Chipu ni vijana wa chini ya miaka 20, nao hucheza raga ya 15. Wanawake wao ni Lionesses, iwe ni saba au 15. Jina moja kwa timu mbili, jambo linalowapa wahariri wa michezo kazi ya ziada ya kueleza ni Lionesses wapi waliofungwa. Wote wako chini ya Shirikisho la Raga la Kenya, KRU, na Kenya imekuwa mwanachama wa shirikisho la dunia tangu 1990.

Kabla ya hapo, timu kubwa ya ukanda huu haikuwa ya Kenya peke yake. Kulikuwa na timu ya Afrika Mashariki, iliyochota wachezaji Kenya, Uganda na Tanganyika, na enzi za ukoloni ilikuwa timu ya Wazungu. Wakali wa British Lions walipita Nairobi wakitoka Afrika Kusini mwaka 1955 wakaifunga 39-12, wakarudi 1962 wakaifunga 50-0. Huo ndio urithi ambao Kenya huru iliukuta: mchezo wa klabu zenye uzio na malango, uliochezwa na watu wachache waliojuana.

Sasa michezo yenyewe. Hesabu ya pointi ni ileile kotekote: trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ni pointi 5, mkwaju unaofuata trai ni 2, penalti ni 3, na mpira uliodundishwa chini kisha ukapigwa katikati ya milingoti wakati mchezo unaendelea ni 3. Uwanja nao ni uleule, mita 100 kati ya mistari ya trai na upana wa hadi mita 70. Hapo ndipo kufanana kunapokoma.

Katika raga ya 15, watu 30 wanabanana kwenye uwanja huo kwa dakika 80. Nafasi haipatikani bure. Inatafutwa kwa kusukumana. Kitovu chake ni skramu, wachezaji wanane kwa wanane wakiwa wameinama na kushikana, uzito wa pande zote mbili ukipita katika shingo na mabega ya watu watatu wa mstari wa mbele. Simama karibu na mstari wa pembeni uisikie skramu ikigongana, utajua kwa nini hao watatu hawapatikani kwa kuokoteza. Kijana mwenye mbio unaweza kumfundisha kucheza pembeni akaelewa katika msimu mmoja. Mtu wa mstari wa mbele huchukua miaka, na darasa lake ni moja tu: skramu nyingi dhidi ya watu wazito na wajanja kuliko yeye. Sheria yenyewe inalitambua hilo. Timu ikikosa wachezaji waliofunzwa kwa nafasi hizo, mwamuzi huamuru skramu zichezwe bila kusukumana, kwa kuhofia shingo za watu.

Raga ya saba ni dunia nyingine. Dakika saba, mapumziko mafupi, dakika saba nyingine, basi. Skramu ni ya watatu kwa watatu na huisha kabla hujaiona. Watu 14 wametawanyika kwenye uwanja uleule wa watu 30, kwa hiyo ukikosea kumkaba mmoja, hakuna wa pili nyuma yake. Kuna kanuni mbili ambazo mgeni huzikosa kuziona. Ya kwanza: mkwaju wa baada ya trai lazima udundishwe, hauwekwi chini juu ya kitako kama katika raga ya 15. Ya pili ndiyo muhimu zaidi: timu iliyofunga ndiyo inayoupiga mpira wa kuanzisha tena, tofauti kabisa na raga ya 15 na kandanda. Maana yake timu yenye mtu anayejua kuruka na kuudaka mpira huo inaweza kufunga, ikaudaka, ikafunga tena, na mpinzani asiuguse mpira kwa dakika tatu katika mchezo wa dakika 14.

Kwa nchi yenye vijana wengi wenye mbio na wachache wenye kilo 120 waliofunzwa skramu tangu wakiwa na miaka 15, mchezo upi ungeushika? Jibu ni rahisi, lakini halitoshi. Zimbabwe na Uganda nazo zina vijana wenye mbio. Kilichoitofautisha Kenya ni kuwa na mashindano ya nyumbani ya raga ya saba yaliyopangika, yanayojirudia kila mwaka na kuzunguka nchi nzima.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Kila mwaka, ligi ya raga ya 15 ikishafungwa, klabu huingia kwenye msururu wa kitaifa wa raga ya saba: Christie kule Nairobi, Kabeberi, Prinsloo ya Nakuru, Dala ya Kisumu, na Driftwood, duru yetu ya pwani, ambayo uwanja wake ni Mombasa Sports Club, barabara ya Mnazi Mmoja, mwendo mfupi wa miguu kutoka Fort Jesus. Kila duru ni wikendi moja. Jumamosi ni mechi za makundi, Jumapili ni mchujo hadi fainali, na timu inayofika mwisho huwa imecheza mechi tano au sita katika siku mbili. Zidisha kwa duru zote za msimu uone kijana mmoja amepata mechi ngapi za ushindani ndani ya miezi michache, mbele ya makocha wa timu ya taifa waliokaa pembeni na madaftari yao. Orodha ya Shujaa hujengwa kutokana na hayo. Na kwa kuwa mechi ni fupi na nyingi, klabu ndogo isiyo na uwezo wa kujaza kikosi cha watu 23 cha raga ya 15 inaweza kuleta watu 12 kwa gari moja na ikamshitua kigogo.

Matunda yake yanajulikana. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la raga ya saba mjini Dubai, Kenya iliifunga Fiji 26-7 katika robo fainali. Fiji ndiyo iliyokuwa inalishikilia kombe hilo. Argentina ikaizima Kenya kwenye nusu fainali. Mwaka 2013 kule Moscow ikafika nusu fainali tena, Uingereza ikaitoa. Halafu ikaja Aprili 2016, Singapore: Shujaa wa kocha Benjamin Ayimba na nahodha Andrew Amonde waliifunga Fiji 30-7 katika fainali, taji la kwanza na hadi leo la pekee la Kenya katika msururu wa dunia. Fiji hao walikuwa mabingwa watetezi wa msururu, na miezi minne baadaye waliivaa dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Collins Injera alifunga trai mbili siku hiyo, na mwezi uliofuata akampita Santiago Gómez Cora wa Argentina kuwa mfungaji bora wa trai katika historia ya msururu, rekodi aliyoishikilia hadi Dan Norton wa Uingereza alipompita mwaka uliofuata. Ayimba alifariki Mei 2021, na sijaona bado mtu aliyeandika ipasavyo habari za kocha huyo.

Usidhani lakini kwamba ngazi hiyo inapandwa tu. Msururu wa dunia una timu za kudumu, na za mwisho hushushwa. Mei 2023 mjini London, Kenya ilifungwa 12-7 na Kanada katika mechi ya kuamua nani abaki, ikaporomoka baada ya zaidi ya muongo mmoja miongoni mwa timu za kudumu. Miezi minne baadaye ndipo ikaifunga Afrika Kusini kule Harare. Afrika Kusini hao ikabidi watafute tiketi yao ya Paris kwa mlango wa nyuma, wakaipata, na wakarudi nyumbani na medali ya shaba. Kenya nayo, Juni 2024, iliifunga Ujerumani 33-15 mjini Madrid na kurudi daraja la juu, kisha ikamaliza ya tisa Olimpiki, nafasi ileile iliyoipata Tokyo. Msimu uliofuata shirikisho la dunia likakata daraja la juu libaki na timu 8, Kenya ikajikuta nje tena, daraja la pili, na Nairobi ikapewa duru ya daraja hilo uwanjani Nyayo, Februari 2026. Shabiki anayeona kwamba hili ni panda-shuka la kuchosha ana haki. Ila angalia: hata inaposhuka, Shujaa ina mashindano ya kucheza, na mengi.

Simba haina bahati hiyo. Ratiba yake ya kawaida ni Kombe la Elgon dhidi ya Uganda, lililoanza 2004, nyumbani na ugenini. Kombe la Afrika. Na mechi za hapa na pale anazozipata mtu wa kuzitafuta. Timu kubwa za Ulaya na za kusini mwa dunia hazina haja ya kuja Nairobi, na hazina wikendi ya kumkaribisha mtu wa Nairobi. Yamekuwapo majaribio ya kuziba pengo. Mwaka 2014 kikosi cha Kenya kilicheza Vodacom Cup ya Afrika Kusini, na 2022 na 2023 Simba waliingia daraja la pili la Currie Cup. Kila mara faida ilionekana kwenye skramu kabla haijaonekana kwenye matokeo. Kila mara pia mradi ulikatika kabla wachezaji wale wa mstari wa mbele hawajaiva.

Mwaka huo wa 2014 unastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndio mwaka Kenya ilipokaribia zaidi Kombe la Dunia la raga ya 15, kombe ambalo haijawahi kulicheza. Timu nne zilikutana Antananarivo: Kenya, Namibia, Zimbabwe na wenyeji Madagascar. Kila moja ilicheza na wenzake watatu, na bingwa angekwenda Uingereza 2015. Kocha wa Kenya alikuwa Jerome Paarwater kutoka Afrika Kusini. Kenya iliifunga Madagascar 34-0. Kisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: iliifunga Namibia 29-22. Namibia walikuwa wamecheza kila Kombe la Dunia tangu 1999.

Kwa mtu wa kandanda, kuifunga Namibia kungekuwa kumemaliza hesabu. Lakini jedwali la raga lina mambo yake. Ushindi ni alama 4, sare 2. Juu ya hizo, timu ikifunga trai nne au zaidi hupata alama 1 ya ziada, na timu ikifungwa kwa tofauti ya pointi 7 au chini ya hapo hupata alama 1 ya kufutwa machozi. Tazama tena matokeo: 29-22. Tofauti ni 7 kamili. Namibia walitoka uwanjani wamefungwa, na alama moja mfukoni.

Siku ya mwisho Kenya iliingia ikiwa imeshinda mechi zote mbili, na Zimbabwe ikaifunga 28-10. Namibia, waliokuwa wameifunga Zimbabwe 24-20, wakakutana na Madagascar iliyokwishachoka wakaipiga 89-10. Timu tatu zikabaki na ushindi mara mbili kila moja, hesabu ya alama za ziada na tofauti ya pointi ikafanywa, na Namibia ndio waliopanda ndege ya Uingereza. Kuna wanaosema Kenya iliponzwa na jedwali. Mimi nasema iliponzwa na dakika 80 za Zimbabwe, mechi ya tatu ya kiwango hicho katika muda mfupi, kwa kikosi ambacho kwa mwaka mzima hakikuwa kimezoea kucheza mechi tatu ngumu mfululizo. Timu inayocheza mara nyingi hujifunza namna ya kuishi siku ya tatu.

Miaka minne baadaye nafasi nyingine ilijitokeza, lakini hali ilikuwa ngumu zaidi. Namibia iliifunga Kenya 53-28 mjini Windhoek, na Kenya ikatumwa Marseille, Novemba 2018, kwenye mchujo wa mwisho wa timu nne. Huko ndiko Kanada ilikopata zile 65. Ujerumani ikashinda 43-6, na Hong Kong 42-17. Kombe la 2027 litakalochezwa Australia lilipanuliwa kutoka timu 20 hadi 24, tukajipa moyo. Kombe la Afrika la kuwania nafasi hiyo lilichezwa Kampala, Julai 2025, karibu kabisa na nyumbani. Kenya ilikwama nusu fainali, na Zimbabwe ikaifunga Namibia 30-28 katika fainali, ikarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Zimbabwe, nchi yenye matatizo ya uchumi yanayojulikana na kila mtu, ilifika huko kwa kushikilia kikosi kilekile na kukipa mechi mwaka baada ya mwaka.

Habari ya Lionesses ni chungu zaidi kuliko zote, na ndiyo inayosimuliwa kidogo zaidi. Walikwenda Rio 2016 kucheza raga ya saba kwa sababu Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa wa bara, waliamua kutoitumia tiketi hiyo. Wakaenda Tokyo pia, wakamaliza wa kumi. Katika raga ya 15 wao walifika mbali kuliko wanaume wanavyokumbuka. Agosti 2021, uwanjani Nyayo, walicheza na Kolombia mechi moja ya kuamua nani aendelee kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Walifungwa 16-15. Pointi moja. Mkwaju mmoja tu ungetosha, na kupiga mikwaju ni kazi ya mtu mmoja anayebaki uwanjani jioni baada ya wenzake kwenda kuoga. Mtu huyo humpati kama timu inakutana mara mbili kwa mwaka.

Turudi kisiwani Mombasa. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa Driftwood inakuja kila mwaka hatua chache kutoka Mji wa Kale, mbona majina ya Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu hayaonekani kwenye orodha za Shujaa na Simba? Si kwamba raga ni ngeni hapa. Mombasa Sports Club ilianzishwa 1896, mwaka ambao reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, na ingawa uwanja wake unajulikana zaidi kwa kriketi, raga imechezwa hapo kwa vizazi. Hata kombe moja la kale la klabu za ukanda huu lina harufu ya bahari: Kombe la Enterprise lilitolewa na maofisa na mabaharia wa manowari ya Uingereza, HMS Enterprise, mwishoni mwa miaka ya 1920, na bado klabu zinalishindania. Mabaharia walipenda raga, na popote meli zao zilipotia nanga waliacha kombe na deni la vinywaji.

Sababu ya kwanza ni ile ya ukuta. Kwa muda mrefu sana mchezo huu ulikuwa wa klabu ya wanachama, na kijana wa Mji wa Kale alikua akicheza kandanda uwanjani Makadara, siyo raga nyuma ya lango la klabu. Nairobi na magharibi mwa Kenya, raga ilivunja ukuta huo kupitia shule za sekondari. Katika mashindano ya shule huchezwa raga ya 15 muhula wa kwanza na raga ya saba muhula wa pili, na shule za Kakamega, Nairobi, Kisumu na Nakuru ndizo zinazozilisha klabu kubwa. Si ajabu kwamba Kabras, timu ya kiwanda cha sukari cha Kakamega, na KCB ya Nairobi wamegawana karibu mataji yote ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya 15, tangu katikati ya miaka ya 2010. Pwani ina Mombasa RFC na, ng'ambo ya feri, South Coast Pirates wa Diani, lakini chemchemi ya shule ni nyembamba.

Sababu ya pili sijaisikia ikijadiliwa na wakubwa wa Nairobi, nayo ni ya ratiba tena. Msimu wa raga ya 15 huanza Novemba na kwenda hadi karibu na mvua za masika. Nairobi hiyo ni miezi mizuri. Huku kwetu ni kaskazi: Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote, hewa imejaa unyevu, mpira unateleza kwa jasho kama umepakwa mafuta, na dakika ya 60 ya mechi wachezaji wazito wa skramu wamekwisha. Juu ya hayo, kwa miaka hii Ramadhani imeangukia katikati ya msimu. Mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi; 2026 ilianza Februari; na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, itaendelea kuwa ndani ya msimu wa raga ya 15 kwa muda mrefu. Kijana aliyefunga hawezi kufanya mazoezi ya skramu saa kumi jioni juani, na kocha anayejua kazi yake hamwambii afanye hivyo. Anayekosa mazoezi mwezi mzima hapati namba, na asiyepata namba huacha.

Msururu wa saba ni kinyume chake. Unakuja wakati wa kusi, miezi ya katikati ya mwaka, upepo ukitoka baharini na jua likiwa na adabu. Mazoezi yake ni mafupi na ya kasi, yanaweza kufanywa baada ya alasiri bila kumaliza mtu. Laiti mimi ningeulizwa Mombasa iweke wapi nguvu zake, ningesema huko, na ningeanzia kwa wasichana na wavulana wa shule za kisiwani muhula wa pili, kabla ya kuota timu ya 15 ya kuifunga Kabras. Klabu ya pwani inayocheza ligi ya 15 husafiri karibu kilomita 480 kufika Nairobi tu, kabla hata haijaikumbuka safari ya Kakamega. Treni ya SGR, iliyoanza 2017, imepunguza uchovu wa njiani. Nauli za watu 23 na kocha bado ni zilezile za kila wiki mbili.

Ukienda Driftwood mara nyingine, nenda Jumamosi asubuhi. Jumapili jioni utaona vikombe, mashabiki waliovaa rangi na muziki mkubwa, na nusu ya wachezaji utakaowaona tayari wanajulikana. Jumamosi ndiyo siku ya klabu ndogo na ya wasiojulikana, na mechi za wanawake huchezwa majukwaa yakiwa bado na nafasi ya kukaa. Usimfuate anayekimbia na mpira. Kila mtu anamtazama huyo, na makocha walimwona zamani. Trai ikifungwa, hamisha macho mara moja hadi katikati ya uwanja. Mpira wa kuanzisha utapigwa juu sana, utaning'inia hewani sekunde tatu au nne, na mtu mmoja ataondoka chini kabla ya wengine. Humphrey Kayange, kaka yake Injera, ambaye tangu 2021 ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alijijengea jina kwa kuidaka mipira ya namna hiyo mbele ya watu warefu kumpita. Anayeudaka mara mbili mfululizo katika mechi ya makundi, mwandike jina lake. Yule wa pembeni mwenye daftari ameshaliandika.